Deni Lisiloandikwa Daftarini
Maneno ya Kamati kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka



Kila mwaka twasomewa hapa hesabu za chama: fedha zilizoingia, zilizotoka na zilizobaki. Ni jambo jema, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini iko hesabu moja ambayo sisi wafanya biashara wa Likoni, Kisauni na Changamwe hatujaiandika bado, nayo ni ya yale yabakiayo katika ardhi na maji baada ya faida kwisha kugawanywa.

Twaomba tutazame mambo mawili yaliyotokea kwetu.

La kwanza ni la Bamburi, upande wa Kisauni. Kiwanda cha saruji kilianza kazi mwaka 1954, kikachimba mawe ya matumbawe hata pakabaki mashimo makavu. Mwaka 1971 Bwana René Haller alianza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26, zikashika tatu tu, na mvinje ukawa mbele ya yote. Majani yake yalipoanguka hayakuoza upesi. Wakaletwa majongoo wayale, na kinyesi chao kikawa udongo. Mwaka 1984 mahali hapo pakafunguliwa kwa wageni. Kiwanda hakikufungwa kwa ajili ya kazi hiyo.

La pili ni la Owino Uhuru, karibu na Mikindani, upande wa Changamwe. Kuanzia mwaka 2007 kiwanda kimoja kiliyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi, na watu wa kijiji wakapata ajira. Moshi na maji machafu vikawafuata majumbani, na watoto wakapimwa wakaonekana wana risasi katika damu. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufani Mahakama ya Juu ikairejesha amri hiyo Desemba 2024. Ajira ilikwisha upesi, risasi haiozi.

Wako miongoni mwetu wasemao kwamba masharti mengi yatawanyima vijana kazi, na kwamba sisi si matajiri wa saruji. Hatuwadharau, kwani njaa ni jambo la kweli. Lakini mnyonge ndiye asiyeweza kulipa deni likishakua. Basi na alilipe lingali dogo. Muuza samaki wa Likoni na mkata boriti wa kando ya hori hula katika mkoko mmoja, kwa maana samaki wachanga hukulia katika mizizi yake.

Kwa hiyo Kamati yaleta mbele yenu mambo matatu. Wenye karakana wakusanye oili chafu katika mapipa, wasiimwage mtaroni. Wauza boriti wanunue tu zile zilizokatwa kwa kibali. Na kila aombaye mkopo wa chama aulizwe, kabla ya kuulizwa faida yake, taka zake zitakwenda wapi.

Twajua swali hilo litawaudhi baadhi yetu, nasi wanakamati tutakuwa wa kwanza kulijibu. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Nasi baada ya biashara zetu zote, hapa ndipo tutakaporejea, na hapa ndipo watakapokaa wajukuu wetu.