Matembezi katika Mji wa Melaka



Siku moja tulikuwa darasani pamoja na vijana wanaojifunza ualimu, na ramani ya dunia imetundikwa ukutani. Kijana mmoja akaweka kidole chake juu ya mlango mwembamba wa bahari ulio kati ya nchi ya Malaysia na kisiwa cha Sumatra, akasoma jina la mji wa pwani: Melaka. Kisha akauliza, "Mwalimu, watu husafiri mwendo mrefu kwenda kuutazama mji huu. Kuna nini huko ila mawe ya zamani?" Swali lake lilikuwa jema, wala halikujibika kwa maneno mawili. Leo twapenda kulijibu mbele yenu ninyi nyote. Tafadhali fuataneni nasi kwa fikira, tuutembee mji huo pamoja.

Melaka uko upande wa magharibi wa rasi ya Malaya, mwendo wa kilometa 150 hivi kusini ya Kuala Lumpur. Mtu apandaye basi asubuhi hufika kabla ya adhuhuri. Nchi ile ni karibu na ikweta: jua ni kali, na mvua haikawii kunyesha. Basi mwenye kwenda na achukue mwavuli, na atembee asubuhi na jioni, mchana apumzike kivulini.

Kabla hatujaanza kutembea, yafaa tujue mji ulivyozaliwa. Karibu na mwaka wa 1400, mwana wa mfalme aitwaye Parameswara, mtu wa Palembang katika kisiwa cha Sumatra, alikuwa akitangatanga akitafuta mahali pa kukaa. Wenyeji husimulia kwamba alipumzika chini ya mti karibu na mto, na mbwa wake wa kuwinda wakamwandama mnyama mdogo wa mwituni, afananaye na paa lakini mdogo kuliko yeye. Yule mnyama akageuka, akampiga mbwa mmoja teke hata akaanguka majini. Parameswara akastaajabu, akasema, "Mahali ambapo hata wanyonge ni mashujaa ndipo pafaapo kujengwa mji." Akauliza jina la mti ule, akaambiwa ni mmelaka. Hiyo ni hadithi, wala hatuwezi kuiapia. Lakini tusistaajabu tukiona mnyama yule anapendwa sana, kwa maana katika hadithi za Wamalai yeye ndiye mwerevu awashindaye wakubwa kwa akili, kama Sungura katika hadithi zetu.

Mji ule haukuwa na dhahabu wala mashamba makubwa. Mali yake ilikuwa upepo. Ninyi mkaao pwani mnazijua kaskazi na kusi. Pepo hizo hizo za msimu huvuma kule pia. Kaskazi ilileta merikebu za Uchina, na kusi ilileta merikebu za Bara Hindi. Zote zikakutana Melaka, na wenyewe wakangojea pale miezi kadha wa kadha mpaka upepo ugeuke. Sasa mtu angojeaye huhitaji ghala, chakula, mahali pa kusali, na mtu wa kumwamua agombanapo na mwenziwe. Masultani wa Melaka walilifahamu jambo hilo. Wakaweka wakuu wa bandari wanne, kila mmoja akiangalia mambo ya wageni wa nchi fulani. Mkuu huyo aliitwa shahbandar, na katika jina hilo mwasikia neno letu bandari, kwa kuwa yote mawili yatoka katika lugha ya Kiajemi.

Mreno mmoja, Tomé Pires, aliyekaa Melaka tangu mwaka wa 1512 hata 1515, aliandika kwamba lugha 84 zilisikiwa mjini. Alipowataja wafanya biashara waliokuja huko, aliwataja pia watu wa Kilwa na watu wa Malindi. Basi safari yetu ya leo si ya kwanza. Wazee wa pwani yetu walitutangulia.

Na tuanze sasa kutembea. Tutaanza penye kilima kilicho katikati ya mji, karibu na mto.

Chini ya kilima twaona lango la mawe, limesimama peke yake, halina ukuta kulia wala kushoto. Hilo ndilo sazo la ngome kubwa ya Wareno. Mwezi wa Agosti 1511 Afonso de Albuquerque aliuteka mji kwa mizinga, na Sultani Mahmud Shah akakimbia. Wareno walikuwa wamekwisha kuiteka Kilwa mwaka wa 1505, na baadaye, mwaka wa 1593, walianza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa. Huku Melaka walichukua mawe ya misikiti na ya makaburi ya wafalme, wakajengea kuta zao. Albuquerque akapakia nyara katika merikebu yake iitwayo Flor de la Mar, akaondoka. Lakini merikebu ilizama pwani ya Sumatra mwaka ule ule pamoja na mali yote. Leo kando ya mto imejengwa merikebu kubwa kwa mfano wa ile, nayo ni nyumba ya makumbusho ya mambo ya bahari. Watoto hupenda sana kupanda ndani yake.

Je, Wareno waliipata biashara ya Melaka? Waliupata mji, lakini biashara hawakuipata yote. Wafanya biashara wengi Waislamu waliwakimbia, wakaenda Aceh, na Johor, na Banten. Ukuta waweza kutekwa, bali imani ya mfanya biashara haitekwi.

Tupande sasa kilimani. Juu kuna kanisa la Mtakatifu Paulo, lililoanza kujengwa mwaka wa 1521. Sasa halina paa, na ndani yake mwaota majani. Mawe makubwa ya makaburi ya Waholanzi yameegemezwa ukutani. Sakafuni pana kaburi tupu. Humo mwili wa Fransisko Xavier ulilazwa miezi mingi katika mwaka wa 1553, kisha ukapelekwa Goa. Padre huyo alipita Malindi mwaka wa 1542 alipokuwa njiani kwenda Bara Hindi. Ukisimama hapo juu, bahari yaonekana mbali. Zamani maji yalifika karibu na miguu ya kilima; leo bahari imejazwa udongo, na juu yake pamejengwa majumba.

Tukishuka upande wa pili twafika penye uwanja wa nyumba nyekundu. Hizo ni kazi ya Waholanzi, waliowatoa Wareno mwezi wa Januari 1641. Nyumba kubwa iitwayo Stadthuys ilikuwa makao ya serikali yao, na sasa ni nyumba ya makumbusho. Kando yake ni Kanisa la Kristo, lililomalizika mwaka wa 1753. Uwanjani mna baiskeli za magurudumu matatu zichukuazo abiria, zimepambwa maua na taa na kupigwa muziki kwa sauti kubwa mno. Mwenye masikio mepesi na ajihadhari.

Waingereza waliushika mji mwaka wa 1795, wakati wa vita vya Ulaya. Wakaogopa kwamba ngome ile siku moja itarudi katika mikono ya wengine, na tena walitaka biashara ihamie kisiwa chao cha Penang. Kwa hiyo mwaka wa 1807 wakaivunja ngome kwa baruti. Kazi ya miaka mingi ikawa kifusi kwa muda mfupi, likabaki lile lango tulilolitazama. Wakakusudia kuwahamisha hata wenyeji wawafuate Penang. Lakini wenyeji hawakutaka kuhama. Walikuwa wamezaliwa pale, na nyumba zao, na mashamba yao, na makaburi ya wazee wao yalikuwa pale. Afisa mmoja, Stamford Raffles, aliyefika mwaka wa 1808, aliandika kuwatetea, na shauri lile likaachwa. Angalieni jambo hili: kuta zilianguka, na watu wakabaki.

Basi na tuvuke daraja twende walikobaki watu. Ng'ambo ya mto kuna njia nyembamba za Jonker na jirani zake. Katika njia moja, kwa hatua chache tu, twakuta nyumba tatu za ibada: hekalu la Wachina la Cheng Hoon Teng, lililoanzishwa katika karne ya 17, msikiti wa Kampung Kling, uliojengwa kwanza mwaka wa 1748, na hekalu la Wahindu la mwaka wa 1781. Paa la msikiti lina madaraja matatu, na mnara wake wafanana na minara ya Wachina. Moshi wa ubani wa jirani mmoja hupita mlangoni pa mwingine. Mgeni huruhusiwa kuingia, maadam avue viatu, ajisitiri mwili, wala asiwapige picha watu walio katika sala bila idhini.

Katika njia hizo hukaa watu waitwao Baba na Nyonya. Wazee wao walikuwa Wachina waliokuja kwa biashara, wakaoa wake wa nchi ile. Wazao wao wakahifadhi madhabahu ya mababu kwa desturi ya Kichina, bali wakasema Kimalai na kupika chakula cha mama zao. Mojawapo ya nyumba zao sasa ni nyumba ya makumbusho: mbele ni nyembamba, lakini yaenda nyuma sana, na katikati ina ua usioezekwa, upitishao mwanga, upepo na mvua.

Hapo tule kidogo. Mpwani atajiona yuko kwao, maana mapishi ya Nyonya yamejaa tui la nazi, ukwaju na pilipili. Siku ya jua kali wenyeji hula cendol, yaani barafu iliyoparwa, iliyotiwa tui, tambi laini za kijani, na sukari nyeusi ipikwayo kwa utomvu wa mnazi.

Jioni twende makao ya Wareno, karibu na bahari. Wenyewe ni wazao wa Wareno na wanawake wa nchi ile, nao wana lugha yao iitwayo Kristang. Wengi walikuwa wavuvi, na kila mwezi wa Juni hufanya sikukuu ya Mtakatifu Petro na kupamba mashua zao. Tukiwasikiliza Wamalai na majirani zao, tutatambua maneno. Bendera kwao ni bendera. Meza ni meja. Kanisa huitwa gereja, kwa neno la Kireno. Na wataalamu wengi husema kwamba neno lilo hilo ndilo lililotuachia sisi gereza. Neno moja katika bandari mbili: huku likawa nyumba ya sala, huku nyumba ya kufungia watu!

Wasikilizaji, sasa twasema jambo lituhuzunishalo. Mwaka wa 2008 Melaka, pamoja na George Town wa Penang, uliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Heshima hiyo imeleta wageni wengi na fedha nyingi. Lakini nyumba nyingi za Jonker zimegeuzwa maduka na nyumba za wageni, na jamaa nyingi za zamani zimehama. Wavuvi wa makao ya Wareno nao wamelalamika kwamba ujazaji wa bahari umewaharibia mahali pa kuvulia. Watu ambao baruti haikuweza kuwahamisha, huenda wakahamishwa na wale wanaokuja kuwatazama.

Hata hivyo, hawakukaa kimya. Nje kidogo ya mji kuna kilima kiitwacho Bukit Cina, chenye makaburi ya Wachina zaidi ya 12,000. Katika mwaka wa 1984 palitokea shauri la kukichimba kilima na kujenga juu yake. Watu wakakataa, wakatia sahihi zao, wakasema wazi, na kilima kimesimama hata leo. Asubuhi wenyeji hupanda huko kwa mazoezi ya mwili, wakipita kati ya makaburi ya mababu.

Wazee wetu walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo ndiyo iliyoujenga Melaka, wala haikusema mwenyeji ahame. Basi mtu apataye nafasi ya kwenda huko, asikae penye lango na uwanja mwekundu tu. Na avuke daraja. Alale katika nyumba ya wenyeji. Anunue kwa fundi na mpishi wa pale pale. Aulize kwa adabu, asikilize.

Na wewe usiyeweza kusafiri, tazama mji au kijiji chako. Huenda pana kaburi la kale lililofunikwa na majani, au kisima, au mzee ajuaye nani alikichimba. Nenda ukamwulize kabla jua lake halijatua.

Kijana wetu alipokwisha kusikia haya, alitazama tena ramani, akapeleka kidole chake polepole kutoka Melaka, kuvuka bahari yote, mpaka Kilwa. Akasema, "Kumbe si mawe tu." Sisi hatukuwa na neno la kuongeza.

Kwaherini, wasikilizaji wetu.