Tarumbeta Huchaguliwa kwa Pumzi, Si kwa Macho
(Maneno yaliyosemwa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa nishauri juu ya tarumbeta litakalonunuliwa kwa mchango wetu: la mpigaji wa kwanza, anayeongoza safu na kupanda sauti za juu, lakini lifae pia kupigia jazi peke yake. Nimekubali kwa sababu niliwahi kukosea.

Tarumbeta langu la kwanza nililinunua kwa macho. Lilimeta kama kioo, na bomba lake lilikuwa pana. Nikadhani upana ndio nguvu. Katika dansi la kwanza, kufika saa sita za usiku midomo ilikuwa imekufa ganzi. Sauti za juu nikamwachia mwenzangu, na kiti cha kwanza kikawa chake. Sisi tuliocheza muziki wa NUTA Jazz, bendi iliyoundwa mwaka 1964, tunajua kwamba matarumbeta yakilegea, dansi zima limelegea.

Bomba pana hudai pumzi nyingi. Basi tuanze na kipimo cha kati: Bach Stradivarius 37 iliyozoeleka ina tundu la milimita 11.66. Mpigaji wa kwanza hutaka chombo chepesi kuitika, chenye sauti inayopenya juu ya saksafoni na ngoma. Mpigaji wa peke yake hutafuta sauti nene yenye joto, kama ile ya Miles Davis na Martin Committee yake.

Tutazipataje zote mbili? Kwa kipulizio, kile kikombe kidogo tunachowekea midomo. Kikombe kifupi hung'arisha sauti na huokoa nguvu kule juu. Chenye kina huinenepesha. Kwa hiyo nashauri tununue tarumbeta moja na vipulizio viwili vyenye ukingo unaofanana, ili midomo isipotee njia.

Tukipata lililotumika, tulikague. Vuta kidogo bomba la pistoni ya tatu bila kubonyeza pistoni, kisha bonyeza: likilia "pa!", hewa haivuji. Bomba hilo liteleze kwa urahisi, maana D ya chini hupanda kidogo na hurekebishwa hapo. Tazama bomba la kuingizia pumzi. Madoa mekundu maana yake zinki imeliwa, imebaki shaba nyekundu. Mikwaruzo tu isiwatishe.

Mwisho, vijana, mpigaji mwenyewe aende dukani akalipulize, polepole na kwa nguvu, na mwenzake asimame mbali asikilize.

Lakini hakuna tarumbeta litakalompandishia mtu sauti. Hilo ni kazi ya mazoezi ya kila siku. Mimi kiti changu nilikirudia baada ya mwaka mzima, na kwa tarumbeta lililochujuka rangi.