Kipimo Kinachoweza Kusimamisha Kazi



Swali langu ni moja. Tutajuaje kwamba kazi ya kuhakikisha ubora katika mradi wa ujenzi inafanywa ipasavyo? Siulizi kama daraja ni imara. Nauliza kama waliopewa jukumu la kuulinda uimara huo wanalitimiza, na sisi tunawapima kwa lipi.

Desturi yetu ni kuhesabu. Ripoti ya mwezi husema vikao vingapi vya saiti vilifanyika, michemraba mingapi ya zege ilipondwa maabara, na asilimia ngapi ya sampuli ilifaulu. Sasa chukueni zege la klasi 25. Linatakiwa kufikia nguvu ya niutoni 25 kwa kila milimita mraba likiwa na siku 28. Mkandarasi mwenye haraka huwa ameshamwaga slabu ya juu kabla siku hizo hazijatimia. Majibu mabaya yakija, nguzo iliyofeli tayari imebeba mzigo, na kila mtu saitini ana sababu ya kutafuta maelezo badala ya kutafuta nyundo. Ripoti itaandika kwamba kipimo kilifanyika, nayo haitakuwa imedanganya. Lakini kipimo chenyewe hakikuamua lolote.

Hoja yangu basi ni hii: uhakikisho wa ubora hupimwa kwa kinachotokea baada ya majibu mabaya. Kipimo kisichoweza kusimamisha kazi ni kumbukumbu tu.

Katika Bonde la Ufa la kati, somo hili limegharimu maisha. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la Patel huko Solai lilipasuka, maji yakazoa nyumba, na watu wasiopungua 47 wakafa. Mamlaka ya Rasilimali za Maji ilisema bwawa hilo halikuwa na kibali. Bwawa la namna hiyo halina ratiba ya ukaguzi, halifaulu wala halifeli. Takwimu za mabwawa yenye vibali zingeweza kung'aa mwaka huo, na watu wa Solai wafe vilevile. Kwa hiyo kabla ya kuuliza wangapi wamefaulu, tuulize wangapi wameketi kwenye mtihani.

Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, karibu na Mai Mahiu, takataka ziliziba njia ya maji iliyopita chini ya tuta la reli. Maji yakajaa nyuma ya tuta, tuta likakatika, na watu zaidi ya 50 wakapoteza maisha. Ujenzi wa njia ile ulikuwa umekwisha zamani, na hapo ndipo tunapojidanganya: tunadhani ubora hukabidhiwa pamoja na funguo. Katika miteremko inayoshusha magogo, mawe na matope, kalvati lililojengwa sawasawa lakini lisilosafishwa kabla ya masika ni kalvati bovu. Tarehe ya mwisho ya kulisafisha ni kipimo cha ubora sawa na nguvu ya zege lake.

Tukirudi saitini, napendekeza vipimo vitatu. Kwanza, muda: tangu sampuli kuchukuliwa hadi uamuzi kutolewa, siku ngapi zimepita, na kazi ilikuwa imeshafunikwa? Zege hupimwa pia likiwa na siku 7, wakati kwa kawaida limefikia kama thuluthi mbili ya nguvu yake. Onyo hilo la mapema litumike. Pili, nani aligundua kasoro: mkaguzi wa mradi wakati kuirekebisha ni rahisi, au mwenye matatu baada ya lami kubonyea? Tatu, marudio: kasoro ileile ikitokea mara ya tatu, fundi si wa kulaumiwa peke yake, utaratibu mzima umeshindwa kujifunza.

Angalieni kwamba sijasema tuhesabu kasoro. Ukimkata mkandarasi pesa kwa wingi wa kasoro alizoandika mwenyewe, atakuletea daftari jeupe. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mradi mkubwa ambao haujawahi kuandika hata kasoro moja ndio wa kukaguliwa kwanza.

Vilevile sampuli isichaguliwe na anayepimwa. Udongo wetu mwingi ni majivu ya volkano, unaoweza kubadilika ndani ya hatua chache. Machi 2018, mvua iliufukua udongo wa aina hiyo, ufa ukaikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Wastani wa ushindiliaji kwa kilomita nzima unaweza kupendeza huku mita 20 dhaifu zikingoja masika. Mahali pa kuchimba sampuli paamuliwe kwa bahati nasibu, na matokeo ya chini kabisa yachapishwe pamoja na wastani.

Nafasi ya kuanza tunayo. Ujenzi wa barabara kuu kutoka Rironi hadi Mau Summit, unaopita Naivasha, Gilgil na hapa Nakuru, ulizinduliwa Novemba 2025, na watumiaji wataulipia kwa ushuru wa barabarani. Anayelipa ana haki ya kuona. Naomba kila mwezi wananchi waonyeshwe mambo mawili kwa kila sehemu ya barabara: kazi ngapi zilisimamishwa kwa sababu ya ubora, na ngapi ziliendelea ingawa majibu yalikuwa mabaya, pamoja na cheo cha aliyeidhinisha.

Kwenu wanafunzi wa uhandisi: wengi wenu mtaanza kazi kama wasaidizi wa mhandisi mkazi, mkiwa vijana kuliko nyapara na maskini kuliko mkandarasi. Mtaambiwa msicheleweshe kazi. Ulizeni mapema, kabla tingatinga halijawashwa, nani ana mamlaka ya kusema “simama”, na hakikisheni jibu limeandikwa kwenye mkataba.