Salongo ya masomo iwe funzo, isiwe utumwa



Miye ni mutoto wa Uvira. Nilimaliza chuo kikuu, diploma niko nayo, kazi sina. Lakini leo sikuja kulia juu ya hiyo. Nimekuja kusema juu ya wadogo wetu walio kwenye masomo.

Nilipokuwa primeri, tulitumwa kubeba mawe toka mutoni. Mawe yalienda kwenye parsele ya mukubwa mumoja, na hatukuambiwa juu ya nini. Hiyo waliita salongo. Wazee wanalijua hilo neno tangu Mobutu: kazi ya lazima, bila kuuliza. Siyo hiyo tunaomba.

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, Mulongwe ilitoka kwenye njia yake. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zikaanguka. Na kila mwaka kolera inarudi kwetu. Kalasini mutoto anakariri kwamba maji machafu yanaleta kolera, anapata kumi juu ya kumi. Akitoka, anaruka mufereji uliojaa plastiki, anaenda kuchota maji ziwani. Somo liko huku, maisha iko kule.

Basi tufanye hivi. Watoto wa kalasi ya tano wahesabu mabomba ya avenyu yao: ngapi yanatoa maji, ngapi yamekauka, mama anatembea dakika ngapi. Hiyo ni hesabu. Wachore karte: mufereji unaanzia wapi, unazibwa wapi. Hiyo ni jiografia. Wamuandikie barua chefu wa kartie. Hiyo ni Kifaransa na uraia. Kisha warudi kalasini waulizane: tumeona nini? Nani alitujibu, nani alinyamaza? Bila huko kurudi na kuulizana, ni ufagio tu.

Na tuweke mipaka. Mutoto asiingie kwenye maji machafu. Asikaribie mto wakati wa mvua. Asitumwe kwenye shamba ya mutu. Muzazi asiombwe franga hata moja. Kuzoa taka za muji ni kazi ya wale wanaokusanya kodi yetu. Kazi ya mutoto ni kujifunza kuona na kuuliza.

Katiba yetu, kifungu 53, inasema kila mutu ana haki ya mazingira yenye afya, na ana wajibu wa kuyatetea. Haki na wajibu, vyote pamoja.

Najua mwalimu mumoja anasema moyoni: mushahara haitoshi, na munaniongezea muzigo. Ana haki. Ndiyo maana sisi tulio na diploma na hatuna kazi tunajitoa. Kila Jumamosi, saa mbili, tutatembea na watoto, mwalimu akiongoza.

Wakubwa wa masomo, mutupatie kalasi moja tu, muhula mumoja tu. Kisha mutupime kwa kazi yetu.