Mayo ya baba isimufungie mutoto shule

(Maneno yaliyotolewa hapa Kingi, mu mukutano wa wazazi waliorudi)



Leo sitaongea juu ya bache wala mbegu. Nitaongea juu ya mupira, sababu nikipita nyumba kwa nyumba kuandika majina ya watoto wasiosoma, ni mupira ndio unaniletea kazi.

Kwetu mutu akikuuliza "Ulisoma wapi?", hatafuti diploma yako. Anataka kujua unashangilia nani. Wamisionari ndio walijenga shule nyingi, Serikali ikazichukua mu 1974, kiisha mu 1977 ikapatana na makanisa wazisimamie tena. Basi kuko za Wakatoliki, za CBCA, za Waadventista. Baba alisoma kwa mapadri, mutoto naye ni kwa mapadri. Baba alikuwa golikipa wa CBCA, mutoto anazaliwa na ile mayo mwilini. Hata mama mwenye hakufika sekondari anajua kuimbia ekipe ya bwana yake.

Mimi silaumu. Upendo huu ni mali. Kule Bulengo na Rusayo tulikuwa na watu waliopoteza ng'ombe, shamba na nyumba. Lakini wakikutana ku bomba la maji, mumoja anauliza: "Wewe si ndiye ulikuwa namba saba yetu?" Hapo urafiki umerudi. Majina mengi ya kwanza mu kitabu cha mituweli yetu yaliingia hivyo, mutu akileta wenzake wa ekipe.

Tena hatuko peke yetu. TP Mazembe ya Lubumbashi ilizaliwa mu shule. Mu 1939 Wabenediktini wa Institut Saint-Boniface waliianzisha kwa jina la Saint-Georges. Kiisha ikawa Saint-Paul, kiisha Englebert, mwisho Mazembe. Ilichukua kombe la Afrika mu 1967 na 1968, tena mu 2009, 2010 na 2015. Kule Kinshasa, Padri Raphaël de la Kethulle, mwenye watu wanamuita Tata Raphaël, alianzisha Daring mu 1936, ile inaitwa leo Motema Pembe. Na karibu yetu, Bukavu nyumba zinagawanyika kati ya Dawa na Muungano, Goma kati ya Virunga na Kabasha.

Sasa muangalie jambo moja. Mzee aliyeshangilia Englebert hakuacha mupira siku jina lilibadilika. Alivuka pamoja na watoto wake, leo wajukuu ni wa Mazembe. Jina lilienda, watu wakabaki. Upendo wa kweli unajua kuhama.

Shida yetu iko hapa. Shule zingine huku milimani hazina paa, viti viligeuka kuni. Muzazi anarudi, anakuta shule yake imelala na ile ya ngambo iko wazi. Namuuliza: "Mutoto anasoma wapi?" Anajibu: "Nangojea yetu ifunguke." Baba mumoja aliniambia: "Kijana wangu avae rangi ya wale waliotufunga? Hapana!" Watu walicheka, na mimi nilicheka. Lakini yule kijana alikuwa wa mwaka wa tano sekondari. Mwaka uliofuata angefanya egzeta. Leo anabeba koltani kule Rubaya.

Na binti je? Mayo inatoka kwa baba inaenda kwa kijana. Binti hana ekipe, kwa hiyo akikosa shule hakuna anayepiga kelele. Hapo tujiulize kama tunapenda shule kweli, ao tunapenda kushinda tu.

Kuko tena neno la kusema polepole. Masisi tunajua namna jina la ekipe linaweza kugeuka jina la kabila. Kuchekana juu ya mabao, sawa. Siku matusi ya kabila yanaingia uwanjani, refa apige filimbi, na wazee wawe wa kwanza kusimama.

Basi naomba mambo matatu. La kwanza, mutoto aandikishwe pale mulango uko wazi leo. Kama biletini iliungua, walimu wake wa zamani waje kumushuhudia. La pili, shule ya musingi ya Serikali na ya makanisa ni ya bure tangu 2019, lakini sekondari muzazi analipa. Wale waliosoma pamoja wajikusanye, walipie hata mutoto mumoja, na asome hata kwa wapinzani. Kumulipia mutoto wa wapinzani hakukuondolei mayo yako. La tatu, tukipanga mechi, tuchanganye shule mu kila ekipe, na mabinti wapewe mechi yao, si kuchota maji ya wachezaji.

Wafazili wetu, aksanti kwa mipira. Inafika, inachezwa. Lakini mutoto anacheza saa moja, anakaa darasani saa tano. Mutukumbuke na mabati, na viti.

Kitabu kiko pale mezani kwa sekretere. Mwenye kuwa na mutoto nyumbani, asitoke hapa mbele ya kuandika jina lake: wa kiume na wa kike.