Kwa Nini Tunacheka Hatari Ikitajwa

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Mwezi wa kumi 2023 tulitembelea kikundi cha akina mama huko bondeni, karibu na mto. Tulitaka tupange jinsi ya kupeleka mahindi ya kikundi mahali pa juu kabla ya mvua. Tulipotaja mafuriko tu, mama mmoja akasema yeye atanunua mtumbwi awe anatoza nauli. Mkutano wote ukaangua kicheko. Kusema kweli, hata sisi tulicheka. Tukanywa chai, tukaenda zetu.

Mwezi uliofuata maji yalifika madirishani. Hakuna aliyekufa pale, lakini magunia tisa yalioza. Hiyo ilikuwa akiba ya mwaka mzima.

Je, akina mama hao walikuwa wajinga? Hata kidogo. Wanaujua mto ule kuliko sisi tunaofika na daftari. Basi tulirudi tukaongea nao mmoja mmoja, jikoni kwao. Yule wa mtumbwi akatuambia, "Mimi nilikuwa naogopa sana. Lakini mnaniambia nihame, nihamie wapi? Kule juu sina hata kipande cha shamba." Jambo hilo lilitunyamazisha. Sisi tulimletea habari ya hatari bila kumletea mlango wa kutokea. Angefanya nini zaidi ya kutania?

Tena watu wana kumbukumbu. Mvua ya El Niño ya 1997 ilikuja kweli, ikabomoa barabara na madaraja. Mwaka 2015 tukatangaziwa nyingine, na sehemu nyingi haikuwa kali vile tulivyotishwa. Halafu Oktoba 2023 wakubwa wakasema mvua haitakuwa ya kuharibu, na Novemba mafuriko yakaja. Sasa mtu wa kijijini amwamini nani?

Na wazee wetu barazani, wengine hunyamaza tu wasionekane waoga. Hao mnawajua.

Siku hizi hatuanzi na vitisho. Tunauliza: maji yakija usiku wa leo, gunia la kwanza anabeba nani, na analipeleka kwa nani? Mara ya kwanza tulipouliza hivyo hakuna aliyecheka. Walianza kubishana juu ya punda wa nani ana nguvu! Mwishowe wakakubaliana na jirani mmoja wa mlimani awape chumba, nao wamlimie shamba siku mbili kila msimu.

Mvua ya Aprili 2024, ile iliyoua watu wengi kule Mai Mahiu usiku wakiwa wamelala, iliwakuta magunia yako juu tayari. Ufunguo wa chumba anauweka mama wa mtumbwi. Bado anatania, na nauli anasema haijapanda.