Runinga Bapa na Sauti Yake

Msikilizaji, runinga bapa ni nyembamba mno, na spika zake hazina nafasi ya kusukuma hewa ya kutosha. Nyingi zimefichwa chini au nyuma, zikipiga sauti ukutani. Ndiyo maana babu anakosa nusu ya taarifa ya habari, na hilo si jambo dogo. Anza na rimoti: ingia kwenye mipangilio ya sauti, chagua ya mazungumzo, punguza besi. Una sabufa nyumbani? Usikimbilie dukani. Chomeka waya wake kwenye tundu la hedifoni la runinga. Kama halipo, jaribu Bluetooth. Spika ndogo za sabufa hiyo ziweke usawa wa masikio, zielekee kochi. Sabufa yenyewe iondoe kwenye kona, la sivyo itavuma na kumeza maneno.